Mgeni Asiyemponya Mwenyeji: Vimelea vya Mbweha wa Mwituni na Lugha ya Kuvieleza

Utangulizi

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii imejengwa juu ya itikadi kwamba anayebisha hodi huja na heri, na kwamba kuwapo kwake kutamfaa aliyempokea. Katika elimu-viumbe, hata hivyo, lipo kundi kubwa la wageni wasiobisha hodi wala kuja na heri yoyote. Hawa ni vimelea, yaani viumbe waishio juu ya miili ya viumbe wengine au ndani yake, wakijipatia humo makao na riziki.

Makala haya yanashughulikia vimelea vinavyowashambulia mbweha wa mwituni, hususan utitiri wa upele na tegu. Lengo lake ni la aina mbili. Kwanza, yanakusudia kueleza jinsi vimelea hivi vinavyoishi, vinavyoenea na vinavyoweza kumfikia binadamu. Pili, yanadhamiria kuonyesha kwamba uteuzi wa maneno katika kulieleza suala hili si jambo la mapambo. Wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaoitwa leo kutafsiri vijitabu vya afya, kuandika matangazo ya redio na kuhariri habari za sayansi. Neno likikosewa katika kazi hizo, anayeumia si mtafsiri bali ni msomaji aliyeuamini ushauri.

Kimelea, Mwenyeji na Mbweha: Suala la Istilahi

Neno "kimelea" limetokana na kitenzi "mea" katika kauli ya kutendea, "melea", yaani kuota juu ya kitu kingine. Ni istilahi yenye taswira ya mmea uliojishikiza kwenye shina la mti usio wake. Istilahi "mwenyeji" nayo, ambayo asili yake huelezwa kuwa ni mwenye mji, imehamishwa kutoka uwanja wa ukarimu hadi maabara. Humaanisha kiumbe kinachokaliwa na kimelea. Wataalamu hutofautisha wenyeji wa aina mbili. Mwenyeji halisi ni yule ambaye kimelea hukomaa na kuzaana mwilini mwake. Mwenyeji wa kati ni yule ambaye kimelea hupitia kwake kikiwa bado kichanga, kikingojea kufikishwa kwa mwenyeji halisi. Tofauti hii ni ya msingi, na itajitokeza tena na tena katika makala haya.

Istilahi yenye utata zaidi ni jina la mnyama mwenyewe. Katika matumizi ya kawaida, "mbweha" au "bweha" humrejelea mnyama wa jamii ya mbwa ambaye Mwafrika Mashariki humjua katika mbuga zake: mwenye miguu mirefu kiasi, alaye mizoga na kuwinda wanyama wadogo. Neno hilo hilo ndilo linalotumiwa katika tafsiri kumtaja mnyama wa hadithi za Ulaya mwenye manyoya mekundu, mkia mnene na sifa ya ujanja. Hawa si mnyama mmoja. Mbweha mwekundu ameenea Ulaya, Asia, Amerika Kaskazini na pembe ya kaskazini ya Afrika, lakini hapatikani Kenya. Mnyama wa Kenya aliye karibu naye zaidi ni bweha-masikio, ambaye masikio yake makubwa humsaidia kusikia mchwa, chakula chake kikuu. Katika makala haya, "mbweha" atakuwa yule wa Ulaya, Asia na maeneo ya Aktiki, na "bweha" atakuwa yule wa mbuga za Afrika. Umuhimu wa kutenga majina haya utabainika mbele.

Upele: Kimelea Kinachomuua Mwenyeji

Miongoni mwa vimelea vya mbweha, utitiri wa upele ndio unaoonekana kwa macho kutokana na madhara yake. Mdudu huyu ni mdogo mno. Jike huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo, na katika muda wa wiki mbili hadi tatu kizazi kipya huwa kimekwisha kukomaa. Ngozi ya mbweha huwasha, hutokwa na ukurutu na kuwa nene. Manyoya hunyonyoka, aghalabu kuanzia mkiani na miguuni. Kwa kuwa hutumia muda wake mwingi kujikuna, mnyama huyu hukosa nafasi ya kuwinda. Hukonda, hupoteza joto la mwili na mara nyingi hufa katika kipindi cha miezi michache. Maambukizi hutokea wanyama wanapogusana au wanapotumia shimo moja kulala.

Mfano unaotajwa sana ni wa mji wa Bristol nchini Uingereza. Mji huo ulikuwa na mbweha wengi waliozoea kuishi katika bustani za nyumba za watu, na watafiti walikuwa wamewachunguza kwa miaka mingi. Upele ulipoingia mwaka 1994, idadi yao ilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 katika muda wa miaka miwili. Wingi ule ule uliowanufaisha mbweha hao ndio uliowaangamiza, kwani walikuwa wakiishi karibu karibu mno.

Nchini Sweden, upele ulienea katika miaka ya 1970 na 1980 na kupunguza mbweha kwa kiwango kikubwa. Kilichofuata kiliwapa wanasayansi somo la pekee. Sungura na ndege wa porini wa jamii ya kwale waliongezeka, kwa sababu adui yao alikuwa amepungua. Mbweha walipopata nafuu na kuongezeka tena, wanyama hao nao walipungua. Hapa inadhihirika kwamba kimelea kisichoonekana kwa urahisi kinaweza kubadilisha hesabu ya wanyama katika msitu mzima.

Ikumbukwe pia kwamba upele si tatizo la Ulaya pekee. Tangu mwaka 2013, ugonjwa huu umewashambulia mbweha wadogo wa bonde la San Joaquin wanaoishi katika mji wa Bakersfield, California. Mbweha hawa walikuwa tayari katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka nchini Marekani. Kwa nususpishi iliyobakiwa na makundi machache, ugonjwa wa aina hii si pigo la msimu tu, bali ni tishio kwa uhai wa nususpishi nzima.

Tegu wa Mbweha: Kimelea Kinachomstahi Mwenyeji

Tegu wa mbweha, ambaye jina lake la kisayansi ni Echinococcus multilocularis, ana tabia iliyo kinyume na ya utitiri. Tegu aliyekomaa huwa na urefu wa milimita chache tu, tofauti kabisa na tegu wa ng'ombe ambaye huweza kufikia mita kadhaa. Hujishikiza katika kuta za utumbo mdogo wa mbweha. Mbweha mmoja aweza kubeba maelfu ya tegu hao bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Hula, huwinda na kuzaa kama kawaida. Kutokana na hali hii, haiwezekani kumtambua mbweha mwenye tegu kwa kumtazama.

Mzunguko wa maisha ya tegu huyu huwahitaji wenyeji wawili. Mayai hutoka pamoja na kinyesi cha mbweha na kubaki katika nyasi na udongo. Huhimili baridi kali, na mahali penye unyevu huweza kuishi kwa miezi mingi, ingawa joto na ukavu huyaua. Panya wadogo walao nyasi huyameza mayai hayo. Ndani ya panya, lava hutoka katika yai, hupenya ukuta wa utumbo na kufika kwenye ini, ambako hukua na kuzaa vichwa vingi vya tegu wachanga. Mbweha anapomla panya huyo, vichwa hivyo hujishikiza utumboni mwake, na baada ya takribani wiki nne mayai mapya huanza kutoka. Kwa hiyo, mbweha ndiye mwenyeji halisi na panya ndiye mwenyeji wa kati. Mmoja akikosekana, mzunguko hukatika.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Anapomeza mayai, mathalani kwa mikono iliyoshika udongo au manyoya ya mbwa aliyekula panya, mwili wake huchukua nafasi ya mwenyeji wa kati. Lava hukua katika ini kidogo kidogo, mara nyingi kwa miaka 5 hadi 15, kabla ya mgonjwa kuhisi lolote. Ukuaji wake ni wa kuchipuza kuelekea nje, ukipenya nyama ya ini kama saratani, na huweza kufika katika mapafu au ubongo. Kabla ya kupatikana kwa tiba za kisasa, wengi wa waliogunduliwa kuwa na ugonjwa huu walifariki katika muda wa miaka kumi. Siku hizi upasuaji wa mapema na dawa kama vile albendazoli, ambayo huenda mgonjwa akaitumia maisha yake yote, vimebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa pale huduma zinapopatikana.

Kufanana huku na saratani kuliwahi kuwapotosha waganga wenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, madaktari wa kusini mwa Ujerumani waliuona ugonjwa huu katika maini ya maiti wakauita saratani ya aina fulani. Ni mwaka 1855 ambapo Rudolf Virchow alionyesha kwamba uvimbe ule ulisababishwa na kimelea. Hata baada ya hapo, ilichukua takribani karne moja kabla ya mzunguko wake wa mbweha na panya kuthibitishwa, kupitia utafiti uliofanywa Alaska na Ujerumani katika miaka ya 1950. Jina lilipokosewa, chanzo nacho kilifichika. Mtu hawezi kumkimbia mnyama ambaye hajaambiwa kwamba ndiye abebaye ugonjwa.

Kisiwa cha Rebun: Mgeni Aliyealikwa

Kati ya visa vyote vya tegu wa mbweha, kisa cha kisiwa cha Rebun, kaskazini mwa Japani, ndicho kinachoonyesha kwa uwazi zaidi mkono wa binadamu. Katika miaka ya 1920, mbweha waliletwa kisiwani humo kutoka visiwa vya Kuril. Nia ilikuwa njema: mbweha wangewala panya waliokuwa wakiharibu miti, na ngozi zao zingewapatia watu fedha. Waliowaleta hawakujua kwamba wanyama hao walikuja na tegu matumboni, na kwamba panya walewale waliokusudiwa kuliwa wangekuwa wenyeji wa kati walio tayari.

Mgonjwa wa kwanza kutoka kisiwani humo aligunduliwa katika miaka ya 1930, na baadaye wagonjwa zaidi ya 100 walitambuliwa katika jamii hiyo ndogo ya wavuvi. Mamlaka za Japani zilichukua hatua ya kuwaondoa mbweha na mbwa kisiwani kote. Kwa kuwa wenyeji halisi walitoweka, mzunguko ulikatika na tegu akatokomezwa. Hata hivyo, wagonjwa wapya waliendelea kujitokeza kwa miaka mingi, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kujificha katika maini ya watu. Isitoshe, tegu alijitokeza tena katika kisiwa kikubwa cha Hokkaido, ambako kuwaondoa mbweha wote hakuwezekani. Lililowezekana katika kisiwa kidogo halikuwezekana katika eneo pana.

Uswisi: Kuondoka kwa Ugonjwa Mmoja na Kuongezeka kwa Mwingine

Mfano wa pili unatoka Uswisi. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, kichaa cha mbwa kilikuwa kimeenea miongoni mwa mbweha wa Ulaya na kuwaua kwa wingi. Mwaka 1978, Uswisi ilikuwa nchi ya kwanza kutega porini chambo zenye chanjo ili mbweha wazile na kupata kinga. Mbinu hiyo ilifaulu, na mwaka 1999 nchi hiyo ilitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa huo.

Ushindi huu ulikuwa na tokeo ambalo halikukusudiwa. Mbweha waliongezeka mara kadhaa, wakaingia mijini, ikiwemo Zürich, wakaishi katika bustani na viwanja vya michezo. Tegu wao waliingia pamoja nao. Mwanzoni mwa karne ya 21, idadi ya wagonjwa wapya nchini Uswisi ilipanda kufikia zaidi ya maradufu ya ile ya miaka ya 1990. Haimaanishi kwamba chanjo ilikuwa kosa. Kichaa cha mbwa huua karibu kila anayeugua, na kukiondoa kulikuwa jambo la lazima. Kinachofunzwa na kisa hiki ni kwamba vimelea na magonjwa huishi katika mtandao mmoja, na uzi mmoja ukivutwa, mwingine husogea.

Watafiti wa Zürich walijaribu kurudia mbinu ile ile kwa njia mpya: kutega chambo zenye dawa ya kuua tegu iitwayo prazikwanteli. Katika maeneo zilikotegwa kila mwezi, kiwango cha maambukizi kilishuka. Tatizo ni kwamba dawa hii si chanjo. Mbweha aliyepona leo huweza kumla panya mwenye lava kesho na kuambukizwa upya. Kwa hiyo kazi haina mwisho, na gharama yake ni ya kudumu.

Mchango wa utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wagonjwa nchini Ujerumani, ni kwamba hatari iliegemea zaidi kwenye kazi za shambani na mbwa wanaozurura, kuliko matunda ya msituni yaliyokuwa yakilaumiwa na watu kwa muda mrefu. Mbwa huwala panya, na mbwa hulala karibu na binadamu kuliko mbweha yeyote.

Turkana: Jina Moja, Wanyama Wawili, Tegu Wawili

Msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza: haya yanatuhusu nini, ilhali mbweha mwekundu hayupo nchini? Jibu lipo kaskazini-magharibi mwa nchi. Huko Turkana kuna tegu wa ukoo mmoja na yule wa mbweha, aitwaye Echinococcus granulosus. Mwenyeji wake halisi ni mbwa, na wenyeji wake wa kati ni mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Kwa binadamu, tegu huyu huleta uvimbe mkubwa uliojaa maji, hasa katika ini na mapafu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwango vilivyorekodiwa Turkana vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mwaka 1983, shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti ugonjwa huu kwa kuelimisha jamii, kuwatibu wagonjwa na kuwadhibiti mbwa.

Tegu huyu amepatikana pia kwa bweha wa eneo hilo. Hata hivyo, anayemweka binadamu hatarini zaidi ni mbwa wa nyumbani, ambaye hula viungo vya mifugo vyenye uvimbe, hulala penye watoto na hushiriki maji machache yaliyopo. Kinga yake inajulikana: viungo vyenye uvimbe vizikwe au vichomwe badala ya kutupiwa mbwa, mbwa wapewe dawa ya tegu mara kwa mara, na mikono inawe kabla ya kula.

Hapa ndipo suala la istilahi linapogeuka kuwa suala la uhai. Tuchukue mfano wa mtafsiri anayekabidhiwa kijitabu kilichoandikwa Ulaya kuhusu tegu wa mbweha, kisha akakitafsiri neno kwa neno kwa ajili ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Kijitabu kitamwambia mama ajihadhari na mbweha, aoshe matunda ya msituni na kuzika panya waliokufa. Mama huyo, akisoma "mbweha", atamfikiria bweha anayelia usiku mbali na boma. Atawafukuza wanyama wa porini kwa bidii huku mbwa aliyekula ini la mbuzi amelala mlangoni, mkono wa mtoto ukiwa mgongoni mwake. Kila sentensi ya tafsiri hiyo itakuwa sanifu kisarufi, na ushauri wote utakuwa umepotea. Wahenga walikwisha kuonya: kikulacho ki nguoni mwako.

Mtafsiri aliyeuelewa mzunguko wa kimelea atafanya kazi tofauti. Atauliza kwanza: mwenyeji halisi hapa ni nani? Mwenyeji wa kati ni nani? Mayai yanamfikia mtu kwa njia ipi? Akishapata majibu, ataandika "mbwa" pale panapostahili mbwa, na "uvimbe wa maji" badala ya istilahi ya kigeni isiyoshikika. Pia atatofautisha tegu na minyoo mingine, kwa kuwa dawa ya minyoo ya kawaida si lazima imwondoe tegu wa mbwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba vimelea vya mbweha haviishi kwa kanuni moja. Utitiri wa upele humuua mwenyeji wake na huenea pale wenyeji wanapokaa kwa msongamano. Tegu humwacha mwenyeji wake halisi akiwa na afya, kisha akamdhuru panya na, kwa ajali, binadamu. Imedhihirika pia kwamba binadamu si mtazamaji tu. Ndiye aliyewapeleka mbweha Rebun, ndiye aliyewaponya kichaa huko Uswisi, na ndiye anayemtupia mbwa viungo vya mifugo.

Fauka ya hayo, imeonyeshwa kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuyaeleza mambo haya. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa kuzingatia kinachorejelewa na kwa kumjua anayezungumziwa. Wanaisimu na wanafasihi hawatarajiwi kuwa madaktari wa wanyama. Hata hivyo, kabla ya kutafsiri neno "mwenyeji" katika kijitabu cha afya, ni wajibu wao kuuliza mwenyeji huyo ni nani katika nchi ya msomaji, anakula nini na analala wapi.